Spesa za Land Cruiser 80: kupima, kukereza flenji na kufunga zisilegee

Land Cruiser 80 moja ya injini ya 1HZ iliingia gerejini kwetu Arusha ikitokea Ziwa Natron kwa njia ya Engaruka. Mwenye gari alikuwa ametoa friwili za mbele (zile za kuunganisha na kutenganisha shafti na gurudumu) na kuweka flenji nzima za dukani, zinazounganisha shafti na gurudumu muda wote, zile nene za chuma kigumu, kisha akanunua spesa za milimita 30, yaani pete nene zinazokaa kati ya habu (kitovu cha gurudumu) na rimu ili tairi litoke nje, na kuzifunga mwenyewe nyumbani. Lalamiko lake lilikuwa usukani unatetemeka. Nilipovua tairi la mbele kushoto, nati nne kati ya sita zinazoshika spesa nilizifungua kwa vidole.

Alisisitiza kwamba alizikaza, tena kwa spana ndefu. Nilimwamini. Shida ilikuwa kwingine: spesa haikuwahi kugusa uso wa habu. Ilikuwa imegota kwenye ukingo wa ile flenji mpya, na nyuma yake pakabaki upenyo uliopitisha kadi ya benki bila kusukumwa. Nati zilikazia alumini iliyokalia mstari mwembamba wa chuma, barabara ikatikisa, alumini ikaliwa kidogo pale ilipogusana, na nati zikabaki hazina cha kushikilia.

Mwongozo huu ni wa hali kama hiyo: una ekseli yenye vifaa ambavyo si vya kiwandani, flenji au friwili za kampuni nyingine au stadi (boliti za gurudumu) ndefu, na unataka spesa zikae sawasawa. Nimeuandika kwa Land Cruiser 80 kwa sababu ndiyo niliyoishika mara nyingi, ila vipimo vinapobadilika nitasema.

KABLA HUJANUNUA

Kwenye 80, sababu ya maana ya kuweka spesa ni moja: tairi pana. Ukifunga 315/75R16 na kukata usukani mpaka mwisho, tairi la mbele linasugua ile mikono inayoshika ekseli. Spesa ya milimita 25 hadi 30 inalisogeza tairi nje na msuguano unakwisha. Lakini unaweza kupata nafasi hiyo hiyo kwa kununua rimu yenye ofseti (umbali kati ya uso wa rimu unaogusa habu na katikati ya upana wake) ndogo zaidi, na hapo hakuna kiungo cha ziada kati ya habu na rimu. Kama bado hujanunua rimu, nunua rimu sahihi na usiendelee kusoma. Kama rimu tayari unazo na ni nzuri, twende.

Wenye Land Cruiser 79 ya V8 wana hoja nyingine. Toyota walipoiweka injini ile mwaka 2007 walipanua ekseli ya mbele ili injini iingie, ya nyuma wakaiacha ilivyokuwa. Nafasi kati ya matairi ya mbele ni milimita 1,515, ya nyuma 1,420. Tofauti ni milimita 95, yaani 47.5 kila upande, na kwenye mchanga unaiona: matairi ya nyuma hayafuati njia iliyokanyagwa na ya mbele, kila moja linajichimbia yake. Wengi wanataka kuiziba kwa spesa. Mimi sifungi spesa ya milimita 47 nyuma ya pikapu inayobeba tani. Mzigo wote ule unahamia mbali na beringi na kuzikamua kama mtu anayebeba ndoo kwa mkono ulionyooshwa. Kwa kazi hiyo kuna rimu za ofseti maalumu, na kuna nyumba za ekseli zilizopanuliwa.

Tena kabla hujatoa hela, piga simu kwa bima yako uulize. Nchini Australia, ambako watu wanachezea Land Cruiser kuliko popote ninapopajua, kanuni za kitaifa za kurekebisha magari, VSB 14, haziruhusu spesa kati ya habu na rimu kama hazikuja na gari toka kiwandani. Kwetu usisubiri ajali ndipo usikie bima inasemaje.

SPESA YENYEWE

Land Cruiser 80, Prado 120 na 150 na Hilux ya 4x4 zina stadi 6 kwenye duara la milimita 139.7, nyuzi za M12x1.5 (unene wa milimita 12, uzi hadi uzi milimita 1.5), na tundu la katikati la rimu ni takriban milimita 106. Land Cruiser 78 na 79 za kuanzia 1999 zina stadi 5 kwenye duara la 150, nyuzi M14x1.5, tundu la katikati 110. Nissan Patrol Y60 na Y61 ndiyo mtego: duara ni lile lile la 139.7 na stadi ni 6, kwa hiyo matundu ya spesa ya Toyota yanalingana na stadi zake, lakini nyuzi za Patrol ni M12x1.25. Nati ya Toyota inashika mizunguko miwili, inakuwa nzito, fundi anaongeza nguvu, na stadi imekufa. Defender ya zamani ni stadi 5 kwenye 165.1, nyuzi M16x1.5.

Chukua spesa ya alumini iliyofuliwa, ya daraja la 6061-T6 au zaidi, yenye stadi zake zilizoandikwa 10.9, yaani daraja la nguvu ya chuma chake. Alumini ya kumimina kwenye kalibu usiiguse. Ukiona vitundu vidogo vidogo kama vya mkate kwenye kingo, irudishe dukani. Spesa yenye stadi zake isipungue milimita 25, kwa sababu chini ya hapo nyama inayobaki chini ya nati ni ndogo. Zile sahani nyembamba zinazopachikwa tu juu ya stadi za gari ni habari nyingine, nitazigusa kwenye stadi.

Halafu angalia tundu la katikati, pande zote mbili. Upande wa nyuma linatakiwa livae shingo ya habu, ile duara inayotokeza katikati yake, bila kucheza. Upande wa mbele, spesa nzuri ina mdomo uliotokeza ambao rimu inaukalia. Sasa fikiria: mdomo huo kwa nje ni milimita 106 ili rimu ikae, kwa hiyo tundu lililo ndani yake lazima liwe dogo kuliko 106. Chochote kinachotokeza kwenye habu, iwe flenji, friwili au kifuniko cha grisi, kinapaswa kupita kwenye tundu hilo dogo. Vifaa vya kiwandani mara nyingi vina kona zilizolainishwa. Vya dukani vina kona kali na unene wa ziada, maana vimetengenezwa viwe na nguvu, na aliyevichora hakuwaza spesa. Hapo ndipo gari la Natron lilipogota.

HATUA YA 1: PIMA KWA MACHO, KISHA KWA RANGI

Egesha kwenye sakafu ngumu. Weka vigingi kwenye matairi yatakayobaki chini, legeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini, inua kwa jeki, na chini ya ekseli weka stendi. Jeki peke yake si stendi, hata kama ni kubwa na umeinunua ghali.

Vua tairi. Kwenye Prado na magari mengine ambayo diski ya breki imevaliwa tu juu ya stadi, angalia kama kuna vile viklipu vya bati ambavyo kiwanda huvisukumia kwenye stadi ili diski isianguke wakati wa kuunganisha gari. Vitoe, maana vinainua spesa. Kwenye ekseli ya mbele ya 80 hutavikuta.

Piga brashi ya waya uso wa habu mpaka chuma kionekane, hasa kwenye kona shingo inapokutana na uso. Kutu ya pale inakuwa kama pete ngumu, na ukiipita haraka utadhani tatizo ni flenji. Kona hiyo pia huwa na mviringo kidogo kwa asili yake, kwa hiyo ukingo wa nyuma wa tundu la spesa unatakiwa uwe umekatwa mshazari kama milimita moja hivi. Spesa za bei rahisi hazina mkato huo.

Pachika spesa kwa mkono, bila nati. Chukua fila geji (vile vibapa vyembamba vya chuma vya kupimia upenyo) na ujaribu kuipitisha kati ya spesa na habu, sehemu sita kuzunguka. Hata ile nyembamba kabisa haitakiwi kupita. Ikipita, kuna kinachozuia, na sasa unakitafuta.

Kitu bora cha kukitafutia ni rangi ya mdomo. Mafundi wa mashine wana wino wao wa bluu, lakini rangi ya mdomo ya mke wangu imefanya kazi ile ile, na bado ananidai. Paka kiasi kidogo kwenye ukingo wa flenji, kwenye ncha za stadi na kwenye kona ya habu. Pachika spesa, isukume kwa viganja, izungushe kidogo kushoto na kulia, kisha ivue utazame ndani. Alama nyekundu itakuonyesha kilichogusa. Kwenye lile gari ilikuwa pete nyembamba, nyekundu na kamili, ndani ya mdomo wa spesa: ukingo wa nje wa flenji ulikuwa unagusa kote kuzunguka.

Sasa shika venia, kile kipimio cha vipenyo na kina, na uandike. Kipenyo cha flenji pale inapotokeza zaidi. Kipenyo cha tundu la spesa upande wa nyuma na upande wa mbele. Kina cha tundu la nyuma hadi pale linapopungua. Urefu wa shingo ya habu pamoja na flenji, kuanzia uso wa habu. Urefu wa stadi kuanzia uso huo huo. Andika kwenye karatasi, usiamini kichwa, kwa sababu mkerezaji atakuuliza na utaanza kubahatisha.

HATUA YA 2: AMUA KITAKACHOKATWA

Shingo ya habu haikatwi. Hiyo ndiyo inayoliweka gurudumu katikati, na ukiipunguza hata nusu milimita umeharibu habu nzima kwa ajili ya kipande cha alumini. Nyuso zinazogusana hazikatwi kwa grainda. Stadi zinakatwa tu kwa hesabu, nayo inakuja.

Vinavyobaki ni viwili: spesa na flenji. Mimi huanza na spesa. Ni alumini, inakerezeka kirahisi, na ikiharibika unanunua nyingine. Tundu la ndani linaweza kupanuliwa ilimradi ukuta wa mdomo ubaki na milimita 3 au zaidi. Kama flenji ina kipenyo cha 101 na tundu la mbele la spesa ni 98, kulipanua hadi 102 kunaacha ukuta wa milimita 2 tu kwenye mdomo wa 106. Ukuta huo utavunjika siku fundi wa pancha atakapoupiga kwa rimu. Hapo spesa imeshindwa, unahamia kwenye flenji.

Kuna tofauti ya mbele na nyuma ambayo watu wanaisahau. Mbele, flenji ni kipande chake chenyewe, unakivua na kukipeleka kwa mkerezaji mfukoni. Nyuma, kwenye 80 yenye ekseli ambayo habu inakaa juu ya beringi mbili na shafti inatoka bila kubeba uzito wa gari, flenji na shafti ni kitu kimoja kilichofuliwa pamoja. Kuikereza kunataka mashine ndefu na fundi mwenye subira, na shafti ikichezacheza kwenye mashine ukingo utatoka na mawimbi. Kwa hiyo nyuma kata spesa, na kama spesa haitoshi tafuta spesa nyingine yenye tundu tofauti.

Kama bado una friwili, usikate mwili wake. Ndani ya ukuta ule kuna pete ya mpira inayozuia maji, na ukuta ni wa kumimina. Ukiupunguza utapata friwili inayokunywa maji kila mto.

HATUA YA 3: KUVUA FLENJI YA MBELE

Ondoa kifuniko cha grisi katikati. Utaona ncha ya shafti na klipu yake. Ncha hiyo ina tundu lenye nyuzi. Ingiza boliti ya M8, ivute nje kwa mkono, shafti itasogea na klipu itapata nafasi ya kutoka. Wanaochokonoa klipu kwa bisibisi bila kuvuta shafti ndio wanaoipeleka chini ya benchi na kuitafuta jioni nzima.

Legeza zile nati sita ndogo za flenji lakini usizitoe kabisa. Chini yake kuna washa za koni zilizopasuliwa upande mmoja, na zimejibana kwenye matundu. Hazivutwi. Gonga flenji kwa nyundo ya shaba, au kwa nyundo ya kawaida ukiwa na kipande cha shaba katikati, kuzunguka kwenye ukingo. Baada ya mapigo machache zinaruka zenyewe, na nati ulizoziacha zinazizuia zisipotee. Kisha toa flenji, futa grisi, weka alama ya kushoto na kulia, na ziba habu kwa kitambaa safi. Vumbi la gereji kwenye beringi ni gharama nyingine.

HATUA YA 4: KWA MKEREZAJI

Usipeleke flenji na maneno "punguza kidogo". Peleka mchoro. Hauhitaji kuwa mzuri, unahitaji namba.

Mara nyingi hakuna haja ya kupunguza kipenyo chote. Kinachogota ni kona. Lile gari la Natron tulikata kona kwa mshazari wa digrii 45, milimita 4 kila upande, na ikatosha. Mkato wa kona unaiachia flenji unene wake pale nyuma inapokaa kwenye habu, na matundu ya stadi hayaguswi. Kama ni lazima kupunguza kipenyo, pima umbali kutoka ukingo wa tundu la stadi hadi ukingo wa nje wa flenji. Sheria yangu ni kwamba baada ya kukereza ibaki milimita 5. Ikipungua naacha kazi, na mteja akinuna anune.

Mwambie mkerezaji mambo matatu. La kwanza, flenji ishikwe na kunyooshwa kwa kufuata tundu la katikati lenye meno ya shafti, apime kwa dayali (saa ya kupimia kuyumba). Asifuate ukingo wa nje, maana ukingo wa nje ndio unaoukata na huenda hauko katikati tangu mwanzo. La pili, chuma hiki kimepitishwa motoni kikawa kigumu, kwa hiyo kisu cha kabaidi, mkato mwembamba, na maji ya kupoozea muda wote. Kikigeuka bluu, ugumu umeondoka pale. Ndiyo maana grainda hapana: inachoma, na haiwezi kukata duara. La tatu, aache kona mpya ikiwa laini, bila mkwaruzo mkali, kwa sababu nyufa huanzia kwenye mikwaruzo.

Kwa spesa kazi ni nyepesi zaidi. Aikamate kwa kufuata tundu la nyuma, apanue la ndani kwa kipimo ulichoandika, na akate mshazari wa milimita moja ukingo wa nyuma. Tundu la nyuma lenyewe linalovaa shingo ya habu lisiguswe.

Flenji ikirudi, irudishe kwenye habu bila gasketi, paka tena rangi ya mdomo, pachika spesa, jaribu fila geji. Lile gari lilihitaji safari mbili kwa mkerezaji. Mara ya kwanza tulikata milimita 3 na kwenye sehemu moja bado palikuwa na alama nyekundu ndogo kama ukucha.

HATUA YA 5: STADI

Spesa yenye stadi zake inafungwa kwa nati fupi zinazozama ndani ya mashimo yake. Baada ya kufunga, ncha za stadi za gari zinatakiwa ziwe chini ya uso wa spesa. Zikitokeza, rimu itazikalia yenyewe na tumerudi kwenye kosa lile lile, safari hii kwa upande wa nje. Rimu za spoti mara nyingi zina mashimo nyuma yake kati ya tundu na tundu, na ncha zinaweza kuingia humo. Rimu za chuma hazina. Weka rula ya chuma kukatiza uso wa spesa, uone kama inayumba juu ya ncha.

Kama lazima ukate, hesabu kwanza mizunguko ya nati. Nati inatakiwa kushika nyuzi kwa urefu usiopungua unene wa stadi yenyewe: kwa M12x1.5 ni mizunguko 8 kamili, kwa M14x1.5 ni 9 na kidogo, kwa M12x1.25 ya Patrol inakaribia 10. Funga nati kwa mkono, hesabu kwa sauti. Ukipata mizunguko 12 kwenye M12x1.5, una akiba ya minne, yaani milimita 6 za kukata na si zaidi. Ukipata 8, hukati kitu, unatafuta spesa nene zaidi.

Kabla ya kukata, ingiza nati nzima mpaka chini ya alama. Kata kwa msumeno wa chuma, piga tupa kulainisha kona, kisha fungua nati: inapotoka inazisafisha nyuzi. Funika diski na habu kwa matambara.

Zile spesa nyembamba zisizo na stadi zake zinataka stadi ndefu kwenye habu. Stadi mpya lazima iwe na meno ya shingoni ya kipenyo sawa na ya zamani, na inaingizwa kwa presi. Kuivuta kwa nati na mashine ya upepo kunainyoosha kabla hata haijaanza kazi. Kufunga spesa ya milimita 10 juu ya stadi za kawaida, nati ikashika mizunguko minne, sitaki kuona gerejini kwangu.

HATUA YA 6: KUFUNGA

Rudisha flenji na gasketi mpya, washa za koni zote mahali pake, na nati kwa takriban Nm 35 (Nm ni newtonmita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Ni nati ndogo. Wengi huzikata kwa kuzikaza kama za tairi. Vuta shafti kwa ile boliti ya M8, rudisha klipu, rudisha kifuniko.

Uso wa habu na uso wa spesa vifutwe vikauke kabisa. Grisi nyembamba kama pumzi iende kwenye shingo ya habu peke yake, ili alumini na chuma visigandane baada ya masika. Kwenye nyuzi na mahali nati inapokalia usiweke kitu cha kuteleza: spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, itakudanganya, utakaza kupita kiasi na namba ikionyesha ni sawa. Kwenye nati za ndani, zile zinazoshika spesa kwenye habu, mimi huweka tone la gundi ya nyuzi ya nguvu ya kati, ya bluu. Ile nyekundu inahitaji moto kuifungua, na moto karibu na alumini na sili za mpira sitaki.

Anza nati zote kwa vidole. Kaza kwa kuruka, kutoka moja kwenda ile inayoitazama, kwa raundi tatu: Nm 40, Nm 80, kisha ya mwisho. Kwa nati za M12 kwenye alumini, Toyota wanataja Nm 103 kwa rimu za spoti za 80, na hiyo ndiyo naitumia kwa nati za spesa pia kama aliyeitengeneza hakusema vingine. Rimu ya chuma ya gari hilo inataka Nm 147. Kwenye rimu juu ya spesa ya alumini siongezi hadi huko kabla sijasoma karatasi ya spesa.

Angalia umbo la nati. Rimu ya chuma inataka nati ya koni. Rimu nyingi za spoti za Toyota zinataka nati yenye shingo nyoofu na washa bapa. Ukizichanganya, nati inakaa kwenye ukingo na haikazi chochote. Stadi za spesa mara nyingi huja na nati za koni tu, kwa hiyo kama una rimu za Toyota za kiwandani, chukua nati zako mwenyewe.

Ukimaliza nati za ndani, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye spesa. Mstari ukivunjika siku nyingine, nati imezunguka.

HATUA YA 7: JARIBU KABLA YA BARABARA

Gurudumu likiwa juu, lizungushe kwa mkono na usikilize. Kata usukani mwisho kushoto, mwisho kulia, uangalie bomba la breki na madigadi. Kisha shusha gari na upandishe tairi moja juu ya gogo au kifusi ili ekseli ipinde, kwa sababu tairi lisilogusa likiwa bapa linaweza kugusa likiwa limesukumwa juu. Kwenye Prado na Hilux za siku hizi, ambazo mbele hazina ekseli nzima, sehemu ya kuangalia ni nyuma ya tairi, pale bati la mwili linapoanzia.

Usukani utakuwa umebadilika kidogo. Tairi la mbele likitoka nje zaidi, jiwe linalipiga kwa nguvu kubwa na unaisikia mikononi. Hiyo ni tabia ya spesa, haitibiki kwa alaimenti. Mtetemo wa kasi ya 80 hadi 100 ni jambo jingine: rudi kwenye fila geji, kisha balansi.

BAADA YA SAFARI

Baada ya kilomita 50 vua magurudumu. Namaanisha uyavue, uzifikie nati za ndani na uzipime kwa spana ya toki. Nati za nje zikiwa zimekaza hazikuambii lolote kuhusu za ndani, na hilo ndilo kosa la wenye spesa wengi ninaowajua: wanapitisha spana nje kila wiki, wanaridhika. Rudia kwenye kilomita 500, kisha kila service. Lile gari la Natron liliporudi kwa mara ya kwanza, nati moja ya mbele kulia ilizunguka robo kabla ya kufika kwenye kipimo. Mara ya pili hakuna iliyosogea.

Fundi wa pancha wa njiani hajui una spesa. Mwambie nati zako zinakazwa kwa mkono, siyo kwa mashine ya upepo, na simama pale mpaka amalize. Na kwenye sanduku lako la vifaa weka soketi ya ukuta mwembamba inayoingia kwenye mashimo ya spesa. Ile nene ya kawaida haitaingia, na siku ya kuihitaji utakuwa Engaruka.